Wasomaji Wauliza: Mkojo, Barafu na Mashine ya Kupima Tungamo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu walio ndani ya kazi yenyewe: wanaokusanya mkojo mitaani, wanaoupokea maabara, na wanaokaa mbele ya kompyuta namba zikishaingia. Kwa msomaji mgeni, jambo lenyewe ni hili. Mkojo umebeba mabaki ya kila kilichopita mwilini: chakula, dawa, kazi ya ini na figo, hata shughuli za bakteria wa utumbo. Molekuli hizo ndogo huitwa metaboliti. Spektromita ya tungamo huzipa chaji ya umeme, huzirusha ndani ya ombwe na kuzitambua kwa uzito wake, mamia au maelfu ya aina kutoka tone moja. Ikipangiwa ratiba ya kasi, mashine hiyo hupitisha sampuli za maelfu ya watu, na hapo ndipo tunapoweza kuuliza maswali kuhusu afya ya mji mzima, si mgonjwa mmoja tu.

Sisi ni wahudumu wa afya ya jamii, Kisauni, Mombasa. Tunaanza kupita nyumba kwa nyumba saa moja asubuhi, na gari la kuchukua makopo hufika saa saba mchana. Tumeambiwa mkojo hauharibiki upesi kwa sababu si damu. Tuendelee hivyo hivyo?

Hapana, ndugu zetu. Mkojo ukiachwa saa sita kwenye joto la nyuzi 30, mashine itawapimia bakteria, si mtu aliyeutoa. Hata mkojo wa mtu mzima wa afya huokota vijidudu unapopita kwenye ngozi. Vikipata joto huzaana, vikala glukosi na sitreti, vikaacha asetati na suksineti. Hukata asidi ya hipuriki ikawa asidi ya benzoiki, na hubadilisha TMAO, alama ya ulaji wa samaki, kuwa trimethilamini. Vingine huvunja yurea kuwa amonia, mkojo ukapoteza asidi yake na fosfati zikaganda chini ya kopo. Mchambuzi akiona hipuriki iko chini na benzoiki iko juu Kisauni kuliko Nyali, atadhani amegundua tofauti ya lishe. Kumbe gari la Nyali lilifika mapema.

Fanyeni hivi. Kopo liwe la polipropilini, jipya, lenye kifuniko cha kukaza, la ml 60 hadi 100. Mwambieni mtu anawe mikono kwa maji bila kupaka mafuta wala losheni, aachie mkojo wa mwanzo uende, kisha akinge wa katikati. Ml 30 zinatosha. Lebo ibandikwe kwenye kopo, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Andikeni saa mkojo ulipotoka, saa ya mlo wa mwisho, dawa alizokunywa tangu juzi, na kwa wanawake kama wako kwenye hedhi. Kopo liingie papo hapo kwenye sanduku la chanjo lenye vifurushi vya barafu, nyuzi 2 hadi 8. Vifurushi vinahitaji kubadilishwa katikati ya asubuhi. Vya saa moja huwa vimeyeyuka ifikapo saa nne.

Gari lipite mara mbili, saa nne na saa saba. Lengo ni maabara ndani ya saa nne. Ikishindikana, saa 24 kwenye baridi hiyo ndiyo mpaka wa mwisho. Wenzenu wa Likoni waweke saa nzima ya ziada kwa ajili ya foleni ya feri.

Maabara nayo ina zamu yake, na inafaa mjue ili muwaulize. Mkojo utikiswe taratibu na upimwe uzito mahsusi, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji, na kijiti cha rangi kinachoonyesha sukari, protini na damu. Kisha ml 10 zizungushwe kwenye sentrifuji kwa g 1,000 hadi 3,000 (g hapa ni mara ngapi ya nguvu ya mvuto wa dunia, si gramu), dakika 5 hadi 10, nyuzi 4. Seli zikigandishwa bila kuondolewa hupasuka na kumwaga vilivyomo. Kisha maji ya juu yanyonywe bila kugusa mashapo na kugawiwa kwenye vichupa vitano au sita vya ml 0.5 hadi 1, viende friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ugawaji huo huonekana kama ubadhirifu wa vichupa, lakini kila mara mkojo unapoyeyushwa na kugandishwa tena baadhi ya metaboliti hubadilika, na mwenye kichupa kimoja atauyeyusha kila akitaka kipimo kipya.

Kwenye daftari la sentrifuji andikeni g, si mizunguko kwa dakika. Mizunguko 3,000 kwenye rota yenye nusukipenyo cha sm 15 ni kama g 1,500. Kwenye rota ndogo ya sm 8 ni g 800 tu, chini ya kiwango.

Jambo moja zaidi. Ikiwa utafiti wenu unatafuta pia mayai ya kichocho, saa zake bora ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Msijaribu kutumia mkojo mmoja wa alfajiri kwa kazi zote mbili. Chukueni makopo mawili, saa mbili tofauti.

Zahanati yetu ina tyubu zenye unga wa asidi ya boriki, zile za kupeleka mkojo ukaoteshwe bakteria. Tutumie hizo tuachane na barafu? — Muuguzi, Changamwe

Kwa kuotesha bakteria, sawa. Kwa metaboliti, zikwepe. Asidi ya boriki hushikamana na sukari, sitreti na molekuli nyingine zenye vikundi viwili vya haidroksili jirani, na vilele vyake, ile miinuko ambayo mashine huchora kwa kila molekuli, hubadilika. Tafiti kubwa za mkojo wa saa 24 zimewahi kuitumia kwa sababu kopo hukaa nyumbani mchana kutwa na usiku kucha, lakini kila aliyeshiriki aliwekewa sawa. Ukichanganya makopo yenye boriki na yasiyo nayo umeharibu yote. Sodiamu azidi ya asilimia 0.05 huingilia kipimo kidogo zaidi, ila ni sumu, na ikimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi hutengeneza chumvi zinazolipuka. Barafu ni nafuu.

Nimepima watu kabla ya Ramadhani na ndani ya Ramadhani. Karibu kila metaboliti imepanda mwezi wa mfungo. Msimamizi wangu anataka nigawanye kwa kreatinini, mwenzangu anasema uzito mahsusi. Nimfuate nani? — Mwanafunzi wa uzamili, Tudor

Kabla ya kumfuata yeyote, tazama hicho ulichokiona: kila kitu kupanda kwa pamoja ni maji yaliyopungua. Mtu aliyefunga Mombasa, jua la saa tisa mchana likimkausha, hutoa mkojo mzito mara kadhaa kuliko wa siku aliyokunywa madafu mawili. Tofauti ya mara kumi kati ya mkojo na mkojo ni ya kawaida kabisa, na humeza tofauti ndogo za afya unazozitafuta.

Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo kugawanya kwayo kunabeba misuli ndani ya hesabu. Mpakizi wa bandarini na bibi yake wa miaka 75 wakiwa na kiasi kilekile cha metaboliti, bibi ataonekana amezidi, kwa sababu tu kreatinini yake ni kidogo. Nyama iliyopikwa nayo ina kreatinini, hivyo sahani ya mishikaki ya usiku huipandisha asubuhi. Figo zikidhoofika, uhusiano wote huyumba. Kama kinga ya chini kabisa, Shirika la Afya Duniani huichukulia sampuli ya mkojo wa wakati mmoja kuwa inafaa ikiwa kreatinini iko kati ya gramu 0.3 na 3.0 kwa lita. Nje ya hapo mkojo ni mwepesi mno au mzito mno.

Uzito mahsusi hausumbuliwi na misuli. Chagua kiwango cha rejea, tuseme 1.020, kisha zidisha kila kipimo kwa (1.020 − 1) ukigawanya kwa (uzito wa sampuli − 1). Mkojo wa 1.028 unazidishwa kwa 0.71, wa 1.005 unazidishwa kwa 4. Hapo utaona tatizo lake: karibu na 1.000 kosa dogo la kusoma linakuwa kubwa. Refraktomita, chombo kinachosoma uzito huo kwa mwanga, ikikosea kwa 0.001 tu, ile 1.005 inasomeka 1.004 na kizidisho kinaruka hadi 5. Kwa hiyo chombo kiwe cha kidijitali chenye kufidia joto, na kila asubuhi kisawazishwe kwa maji yaliyotoneshwa. Mwenye kisukari akitoa glukosi nyingi, au mwenye figo zinazovuja protini, uzito mahsusi hupanda bila mkojo kuwa mzito kweli. Kijiti cha rangi kitakuonyesha hao; waweke alama. Kama maabara ina osmomita, inayopima wingi wa chembe zilizoyeyuka, itumie badala yake.

Hatua ya pili iwe ya hesabu. Tengeneza wasifu wa rejea kwa kuchukua kati, yaani thamani ya katikati, ya kila metaboliti kwenye sampuli za mchanganyiko, zile zilizotengenezwa kwa kuchanganya mikojo ya washiriki wote. Gawanya kila sampuli kwa wasifu huo, metaboliti kwa metaboliti, tafuta thamani ya katikati ya magawio hayo, kisha gawanya sampuli nzima kwa kati hiyo. Njia hii hudhani kwamba metaboliti nyingi hazijabadilika isipokuwa kwa maji. Dhana hiyo hushika kwenye mfungo, haishiki kwa mgonjwa mahututi.

Shauri letu ni uzito mahsusi kwanza, hesabu ya kati pili. Kreatinini ibaki kwenye jedwali kama metaboliti miongoni mwa metaboliti, msimamizi wako aione. Ukiwa na roboti ya kunyonya, ni bora zaidi kuzimua mikojo yote ifike uzito mmoja kabla ya mashine, kwa sababu mkojo mzito hukandamiza ishara kwa namna ambayo hesabu haiwezi kuirudisha.

Kisha linganisha saa na saa. Mkojo wa saa kumi jioni siku ya mfungo ufananishwe na wa saa kumi jioni ya Shaabani, si na wa asubuhi. Baada ya yote hayo, 3-haidroksibutireti ikibaki juu jioni, usiifute: hiyo ni alama ya mwili unaochoma mafuta, na ndiyo matokeo yako.

Anayeweza kupata mkojo wa saa 24 huondokana na sehemu kubwa ya mashaka haya. Utafiti wa INTERSALT, wa chumvi na shinikizo la damu, uliochapishwa mwaka 1988 ulikusanya mkojo wa namna hiyo kwa watu 10,079 katika vituo 52 vya nchi 32, Kenya ikiwemo. INTERMAP wa miaka ya 1990 ukafuata na watu 4,680 wa China, Japani, Uingereza na Marekani, kila mmoja mara mbili. Ila mkojo wa saa 24 una uongo wake: mtu husahau kopo nyumbani, akajisaidia kazini. Njia ya kumkamata ni kumpa vidonge vitatu vya mg 80 kwa siku vya PABA, kemikali ambayo karibu yote hutoka kwenye mkojo. Isipotoka zaidi ya asilimia 85 yake kwenye kopo, mkojo haukukamilika.

Naendesha mashine yenye kolamu ya C18, ule mrija unaotenganisha molekuli kabla hazijapimwa. Tunapoanza msukumo ni bar 450, kufikia sampuli ya 150 unapita 620, na kilele cha hipuriki kimebaki nusu. Nimebadilisha kolamu, baada ya siku mbili hali ni ileile. — Fundi wa maabara

Una matatizo mawili yaliyotokea siku moja. Yatenganishe.

Msukumo kwanza. Mkojo uliogandishwa ukiyeyuka huacha vumbi: yuromodulini ambayo ni protini ya figo, chumvi za asidi ya yuriki, fosfati ya kalisi. Hivyo ndivyo vinavyoziba. Yeyusha vichupa usiku mzima kwenye nyuzi 4, si juu ya meza, vitikise kwa nguvu, vizungushe tena, ndipo unyonye. Kwa kolamu ya C18, µl (maikrolita) 75 za mkojo kwa µl 75 za maji safi yenye viwango vya ndani, yaani kemikali za kiasi kinachojulikana zinazowekwa sawa kwenye kila sampuli. Kisha sahani ya visima 96 izungushwe kwa g 3,500, dakika 10. Sindano ya mashine isiguse chini ya kisima. Ipandishe mm 2, kwani mashapo yako pale. Weka kichujio cha mikroni 0.2 kabla ya kolamu. Ni cha bei ndogo na ndicho kinachopaswa kufa, si kolamu. Kujua kilichoziba, fungua kolamu uendeshe pampu bila hiyo. Msukumo ukishuka karibu na sifuri, kolamu ndiyo. Ukibaki juu, ni kichujio au mrija.

Sasa ishara. Viwango vya ndani ndivyo vitakavyokwambia. Kama vyote vimeshuka kwa uwiano mmoja, chanzo cha ioni, pale molekuli zinapopewa chaji, kimechafuka: toa koni, ioshe kwa methanoli na maji nusu kwa nusu yenye asidi ya fomiki kidogo, dakika 10 hadi 15 ndani ya bafu ya mawimbi ya sauti. Kama vilivyotoka mapema tu ndivyo vimeshuka, ni chumvi. Mkojo umejaa sodiamu, potasiamu na yurea, na kwenye mpulizo wa umeme hivyo hugombania chaji kama abiria wa matatu ya mwisho. Metaboliti zinazotoka nazo huachwa stendi. Elekeza vali itupe nje sekunde 30 hadi 45 za mwanzo. Ujue tu kwamba kreatinini na TMAO nazo hutoka dakika hiyohiyo ya kwanza kwenye C18, kwa hiyo umezitupa pamoja na chumvi. Zitafute kwa kolamu ya HILIC, inayoshika molekuli zinazopenda maji, ambako mkojo huzimuliwa kwa asetonitraili, sehemu moja kwa tatu. Ukipeleka mkojo uliozimuliwa kwa maji kwenye HILIC vilele vitapasuka na kuenea, na utailaumu kolamu bure.

Kama ni muda wa kutoka ndio unaohama, angalia pampu, joto la kolamu na chupa ya maji yenye asidi ya fomiki ya asilimia 0.1. Tengeneza mpya kila wiki. Usijaze chupa iliyobaki nusu.

Mambo mawili ya pwani. Unyevu wetu hugandia kwenye sahani iliyotoka baridini. Ukiifungua mara moja, umande huingia visimani na kuzimua mkojo bila usawa. Iache imefunikwa hadi ifike joto la chumba. La pili, stima. Ikikatika, ombwe huvuja, na hata ikirudi baada ya dakika tano mashine huhitaji saa kadhaa, pengine usiku kucha, kurudi ombwe lililotulia. Usiendelee pale ulipoachia. Rekebisha kipimo cha tungamo, choma, yaani ingiza mashineni, sampuli ya mchanganyiko mara kumi hadi ishara itulie, kisha anza sahani upya.

Na ukiona safu ya vilele vilivyoachana kwa uzito wa 44.026 sawasawa, hiyo ni polietilini glaikoli: sabuni, losheni, au glavu. Tafuta mkono, si ugonjwa.

Tuna watu 1,200. Kampuni moja inatuuzia njia ya dakika 3 kwa sampuli, nyingine ya dakika 15. Ya haraka si bora? — Msimamizi wa takwimu, Mtwapa

Tupige hesabu. Sampuli 1,200, ongeza asilimia 20 za udhibiti, yaani sampuli za kukagua mashine, ni michomo 1,440. Kwa dakika 15 ni siku 15 za mfululizo kwa njia moja ya kolamu. Ukitaka C18 kwa ioni chanya, C18 kwa hasi, na HILIC, ni siku 45. Kwa dakika 3, yote matatu ni siku 9. Tofauti ya siku 36 ni pesa, na ni siku 36 za uwezekano wa stima kukatika.

Unachokilipia ni utenganisho. Mashine hupima uzito, na molekuli nyingi zina uzito uleule kabisa: lusini na isolusini, glukosi na sukari nyingine za kaboni sita, 1-methilihistidini inayofuata kuku na samaki na 3-methilihistidini inayotoka kwenye misuli ya mtu mwenyewe. Kolamu ndefu huzitenga, fupi huzipita haraka na kuzipanga juu ya nyingine. Kukandamizana nako huongezeka kwa sababu vyote hutoka kwa pamoja. Kwa hiyo, kama mnajua metaboliti 40 au 50 mnazozitaka na njia ya haraka imeonyeshwa kuzitenga, chukueni ya dakika 3. Kama mnatafuta msichokijua, chukueni ya dakika 15, au pitisheni wote kwa haraka kisha mrudie sampuli 150 kwa njia ndefu mkiwa na swali mkononi. Sisi tungechagua hii ya mwisho.

Kuliko kasi, bishaneni na kampuni kuhusu udhibiti. Sampuli ya mchanganyiko hutengenezwa kwa kuchukua µl chache kutoka kila mshiriki, na hurudi kwenye foleni kila baada ya sampuli kumi. Kwenye sahani ya 96, visima 80 ni vya washiriki, vilivyobaki ni vya mchanganyiko, maji matupu na sampuli ya rejea ya muda mrefu. Mchanganyiko huohuo uzimuliwe kwa ngazi, tuseme asilimia 100, 80, 60, 40, 20, 10 na 1. Kilele kisichoshuka kadiri unavyozimua si cha mkojo, ni cha mashine. Kilichotawanyika zaidi ya asilimia 30 kwenye michanganyiko, kitupwe. Kilichopo kwenye maji matupu kwa kiwango kilekile, kitupwe. Kutoka vilele 10,000 huenda mkabaki na 2,000, na hiyo si hasara.

Foleni ichanganywe kwa bahati nasibu. Msipitishe Likoni Jumatatu na Jomvu Jumanne, maana mashine ya Jumanne si ya Jumatatu, na hakuna programu itakayowatenganishia siku na mtaa baadaye. Mtu mwenye sampuli mbili, zote zikae sahani moja.

Kwenye takwimu zenyewe: mkipima vilele 1,000 dhidi ya shinikizo la damu kwa kikomo cha uwezekano wa 0.05, takriban 50 vitaonekana na maana kwa bahati tu. Kanuni ya Bonferroni, inayogawanya kikomo kwa idadi ya vipimo, hukishusha hadi 0.00005, na kwa kuwa metaboliti hutembea kwa makundi huwa ni ukali uliopitiliza. Njia ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995, inayodhibiti sehemu ya ugunduzi wa uongo, hutosha kwa uchunguzi wa kwanza. Na msihesabu molekuli moja mara tatu. Vilele vilivyoachana kwa uzito wa 21.982 mara nyingi ni kitu kilekile chenye haidrojeni na chenye sodiamu. Pengo la 176.032 ni glukuronidi, molekuli ambayo ini limeibandika mkia wa asidi ya sukari, iliyoupoteza ndani ya chanzo, na 79.957 ni salfeti.

Atakayewauliza kama kazi ya ukubwa huu inawezekana kila siku, mwambieni kituo cha taifa cha kupima metaboliti cha London kilichofunguliwa mwaka 2013 kilianza na mashine zilizokuwa zikipima dawa za kusisimua misuli kwenye Olimpiki ya 2012. Mashine ni zilezile. Waliokuwa wanariadha wakawa raia.

Mashine hii inaweza kujua nani anakula miraa na nani ametafuna tambuu? Vijana wetu wanaogopa kutoa mkojo. — Mzazi, Mji wa Kale

Inaweza, mzee wetu, na ndiyo sababu swali lako lina uzito kuliko yote hapa. Kathinoni ya miraa na muguka hugeuzwa na mwili kuwa norefedrini, na kathini yake hutoka pia. Zote mbili zina uzito mmoja, 152.107 zikiwa na chaji chanya. Popoo ya tambuu huacha arekaidini. Kahawa tungu huacha trigonelini kwenye 138.055, machungwa huacha prolini betaini kwenye 144.102, na mlo wa papa au changu hupandisha TMAO kwenye 76.076, papa zaidi kwa kuwa ni miongoni mwa samaki walioshiba kitu hicho.

Lakini sikiliza hili. Parasetamoli nayo, ikiwa na chaji hiyo, ni 152.071. Mashine ya bei ndogo isiyosoma desimali itaweka kidonge cha Panadol na kifungu cha miraa kwenye kilele kimoja. Mashine yenye uwezo mkubwa wa kutofautisha uzito huzitenga bila taabu, maana pengo la 0.036 kwake ni pana. Bado kuna shimo jingine: dawa za mafua zenye psedoefedrini hutoa kathini kidogo mwilini. Ndiyo maana kilele kimoja hakitoshi kumwambia mtu neno. Kwa kiwango kinachokubalika na wanasayansi wa fani hii tangu 2007, kitu huhesabiwa kuwa kimetambuliwa tu kikilinganishwa na kemikali halisi iliyonunuliwa, kwenye mashine hiyohiyo, kwa angalau sifa mbili: muda wa kutoka na uzito, au uzito na vipande vyake ukikivunja.

Kuhusu hofu ya vijana: kopo lipewe namba, jina libaki kwenye orodha tofauti iliyofungwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kabla ya kijana kutia saini, fomu ya ridhaa imwambie kwa Kiswahili kwamba mkojo utaonyesha dawa na vitafunwa, nani ataona, kama sampuli itasafirishwa nje ya nchi na itahifadhiwa miaka mingapi. Fomu isiyosema hayo, arudishe kopo tupu.

Nilitoa mkojo kwa utafiti mwaka jana. Majibu yangu sijayaona. Niko hai, niko mgonjwa, nani atanambia? — Mama, Likoni

Mama, kuna majibu ya aina mbili, na pengine hukuambiwa tofauti yake. Wasifu wa metaboliti hautibu mtu. Ni jedwali la vilele vya watu elfu, ambamo wewe ni mstari mmoja, na daktari hana kipimo cha kusema mstari wako ni mzuri au mbaya. Huo hutaletewa, na asiyekuletea hajakunyima kitu.

Yale ya kijiti cha rangi ni tofauti. Sukari, protini na damu kwenye mkojo vilionekana siku hiyohiyo, dakika mbili baada ya kuchovya, na ulistahili kuambiwa kabla hujaondoka. Rudi kwa waliokuchukua ukiwa na kadi yenye namba yako, waulize hayo matatu. Kama hukupimwa hayo, zahanati yoyote ina vijiti. Kikionyesha sukari, upimwe damu ukiwa hujala. Kikionyesha protini, rudia kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi kabla ya kuhofu, kwani homa na kazi nzito huitoa kwa muda. Kikionyesha damu na huna hedhi wakati huo, na hasa kama ulikulia Kwale au Tana River ukioga kwenye mabwawa, omba upimwe kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, mg 40 kwa kila kilo ya uzito wako, humezwa siku moja baada ya kula.